Viti vya Watazamaji



Tangu niliporudi kutoka Roma watu hawaachi kuniuliza habari za safari. Wengine hunisimamisha njiani. Wengine huja ofisini parokiani wakisingizia kutaka cheti cha ubatizo, kumbe wataka hadithi. Siwalaumu. Nilikwenda huko mwaka 2025, Mwaka Mtakatifu, pamoja na mahujaji wazee wa jimbo letu. Kazi yangu ilikuwa kutunza pasi zao, kuwahesabu kila tulipopanda basi, na kuwashika mkono penye ngazi. Habari za Kanisa la Mtakatifu Petro na za Mlango Mtakatifu mmekwisha kuzisikia kwa Bwana Padre, naye azieleza vizuri kuliko mimi. Leo nataka kuwaelezeni jengo moja ambalo si kanisa. Nililiendea kwa furaha, nikatoka humo na mzigo.

Jengo hilo laitwa Colosseum. Bila shaka mmeliona katika kalenda ukutani: ni lile la mviringo lenye matao juu ya matao, upande mmoja mrefu, upande mwingine umebomoka. Limesimama katikati ya mji, na magari hupita karibu nalo mchana na usiku.

Nitawapeni kwanza vipimo, maana mtu aliyefundishwa ualimu hawezi kuviacha. Urefu wake ni kama meta 189, upana kama meta 156, na kwenda juu karibu meta 48. Chukueni viwanja viwili vya mpira, mviunganishe mwisho kwa mwisho, kisha mpunguze kidogo: huo ndio urefu. Kwenda juu ni kama minazi miwili mirefu, mmoja umesimama juu ya mwenzake. Wataalamu wakadiria kwamba watu wapata 50,000 waliweza kukaa humo. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam huchukua 60,000. Basi fikirini: uwanja unaoukaribia ule wa Dar es Salaam ulijengwa zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, bila mashine hata moja ya mafuta wala ya umeme.

Aliyeanza kuujenga ni Kaisari Vespasianus. Alichagua mahali palipokuwa na ziwa la kuchimbwa katika bustani za Kaisari Nero, yule mtesaji, ili watu waone kwamba amewarudishia kile Nero alichojitwalia. Mwanawe, Titus, akaufungua mwaka 80. Titus huyu ndiye aliyeuangamiza mji wa Yerusalemu mwaka 70, na nyara za vita zilisaidia kulipa gharama za jengo. Karibu na hapo lipo tao la ushindi la Titus. Ndani yake wamechongwa askari wakichukua kinara cha taa saba cha Hekalu. Wazee wetu walipokiona kinara kile walinyamaza wote.

Mpango wa jengo ulikuwa wa akili nyingi. Chini kulikuwa na milango 80, na karibu yote ilichongwa namba juu yake. Baadhi ya namba hizo zasomeka hata leo. Kila mtu alijua mlango wake na ngazi yake, hata maelfu wakaingia na kutoka bila kukanyagana. Kuingia kulikuwa bure. Jua likiwa kali, mabaharia wa jeshi walivuta maturubai makubwa kwa kamba ili watu wakae kivulini. Wakuu walikaa chini, karibu na kiwanja. Watu wa kawaida walikaa juu yao, na juu kabisa walikaa maskini na wanawake.

Sakafu ya kiwanja siku hizi ipo sehemu tu, na penye uwazi unaona vyumba vya chini, vimepangana kama nyumba iliyoezuliwa paa. Humo gizani walikaa wanyama na watu wakingoja zamu yao. Kisha watumwa walizungusha mitambo ya kamba na mbao, na mnyama akatokea juu ghafula, mbele ya macho ya watu. Simba, chui na tembo walitoka bara letu la Afrika. Mwandishi wa kale, Cassius Dio, aeleza kwamba katika sherehe za kuufungua uwanja, zilizodumu siku mia, waliuawa wanyama wapata 9,000. Juu ya sakafu ulimwagwa mchanga. Mchanga huo ulikuwa wa kunyonya damu.

Maonyesho yalikuwa na ratiba. Asubuhi watu waliwinda wanyama, au wanyama walipiganishwa. Saa za adhuhuri, wakati wengine walipokwenda kula, waliuawa waliohukumiwa kufa. Alasiri wakaja magladiata, yaani watu waliofundishwa kupigana kwa silaha. Wengi wao walikuwa watumwa na mateka wa vita.

Hapa yafaa nisahihishe jambo moja, maana nimelisikia mara nyingi katika mafundisho ya jumuiya. Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo hawakufia katika jengo hili. Wao waliuawa wakati wa Nero, naye Nero alikufa mwaka 68, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mtakatifu Inyasi, Askofu wa Antiokia, aliletwa Roma akiwa amefungwa, akatupiwa wanyama mwanzoni mwa karne ya pili. Mapokeo yasema kwamba ilikuwa hapa, ingawa maandishi ya wakati ule hayautaji uwanja huu kwa jina. Imani yetu haiogopi ukweli, wala haihitaji kuongezewa chumvi. Hata tukiacha habari za mashahidi, jambo moja ni hakika: watu wengi sana walikufa juu ya mchanga ule. Nao, wawe Wakristo au wapagani, wezi au mateka, waliumbwa kwa sura ya Mungu.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi za kati, tukitazama chini. Nilikuwa nikiwaeleza wazee habari hizi nilizowaandikia, nami nilijiona mwalimu hodari. Palikuwa na bibi mmoja wa parokia jirani, ameegemea mkongojo wake. Hakuwa akitazama kiwanja. Alikuwa akitazama juu, mahali palipokuwa viti.

Akaniita, “Mwalimu.”

Nikamwitikia, “Naam, Bibi.”

“Hawa waliokuwa wakikaa hapa, walikuwa na watoto nyumbani?”

“Walikuwa nao, Bibi. Walikuwa watu kama sisi.”

“Basi jioni wakirudi, watoto wakiwauliza, ‘Baba, leo umeona nini?’, waliwajibu nini?”

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe akasema, polepole, “Labda waliwaambia wameona simba.” Kisha akaomba nimsaidie kushuka, maana miguu ilikuwa ikimwuma.

Swali lile halikuniacha. Siku zote nilikuwa nimewafikiri makaisari, na simba, na wale waliokufa. Sikuwahi kuwafikiri watu wa vitini. Lakini jengo lile halikujengwa kwa ajili ya simba. Lingeweza kujengwa shimo dogo tu, simba akamla mtu, mambo yakaisha. Mawe yale yote, matao yale yote, milango 80 yenye namba, maturubai na mabaharia wake, vilifanywa kwa ajili ya mtazamaji. Asingekuja mtazamaji, Kaisari asingejenga.

Wahenga wetu walisema, macho hayana pazia. Yupo Mwafrika mmoja aliyeyajua hayo kwa kuumia. Jina lake Alypius, mwenyeji wa Thagaste, mji ulioko katika nchi inayoitwa leo Aljeria, rafiki wa Mtakatifu Augustino aliyezaliwa mji huohuo. Augustino ameandika habari zake katika kitabu chake cha Maungamo. Alypius alikwenda Roma kusoma sheria. Alichukia kabisa michezo ya magladiata. Siku moja rafiki zake wakamshika na kumvuta mpaka uwanjani. Akawaambia kwamba mwili wake waweza kuukalisha humo, lakini macho na moyo wake hawataviweza. Akakaa, akafumba macho. Kisha mtu mmoja akaanguka kiwanjani, na umati wote ukapiga ukelele mkubwa. Alypius akataka kujua kuna nini. Akafumbua macho mara moja tu. Basi! Alipoiona damu hakugeuka tena. Akatazama, akapiga kelele pamoja nao, akapandwa na wazimu uleule. Na siku nyingine akarudi kwa miguu yake mwenyewe, akiwavuta wengine.

Mungu alimrudisha baadaye. Alibatizwa pamoja na Augustino mjini Milano mwaka 387, akawa Askofu wa Thagaste, na Kanisa lamheshimu kama mtakatifu. Lakini angalieni: mtu mwema, msomi, mwenye kuchukia ukatili, alishindwa kwa kufumbua macho mara moja.

Najua alivyojisikia, wasomaji wangu, maana mimi pia nilikaa katika viti vile. Nami sikuwa Roma.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili katika ukarani, siku ya gulio. Nilisikia kelele, “Mwizi! Mwizi!” Watu wakakimbia, nami nikakimbia. Wamemshika kijana, yasemwa ameiba baiskeli. Kama aliiba au hakuiba, hata leo sijaambiwa kwa hakika, wala silo jambo lenyewe. Watu wakamzunguka. Sikumpiga. Sikuokota jiwe wala fimbo. Lakini watu walikuwa wengi, sikuweza kuona vizuri, na karibu nami palikuwa na kreti la soda. Nikalipindua, nikapanda juu yake.

Hilo ndilo ninaloliungama mbele yenu. Nilitafuta mahali pazuri pa kuonea.

Yule kijana alikuwa akiita jina la mama yake. Mtu mmoja karibu nami akacheka. Wengine waliinua simu zao wakapiga picha. Wadogo walipenya katikati ya miguu ya wakubwa, wala hakuna aliyewafukuza. Mwenyekiti wa kijiji alipofika na mgambo, kijana alikuwa hasemi tena. Alikufa njiani akipelekwa hospitali.

Kesho yake ndugu zake wakaja parokiani kuomba maziko ya Kikristo. Ilinipasa kutafuta habari zake vitabuni. Nikafungua kitabu cha Ubatizo, nikamwona: alibatizwa akiwa mtoto wa wiki tatu, wazazi wake ni fulani na fulani. Nikahesabu miaka: kumi na tisa. Nikasoma jina la msimamizi wake wa ubatizo. Namfahamu mtu huyo. Alikuwapo gulioni siku ile, amesimama karibu nami, akitazama kama mimi.

Nikachukua kalamu, nikamwandika katika kitabu cha marehemu. Penye nafasi ya sababu ya kifo mkono wangu ulisimama. Ningeandika nini? Watu husema “wananchi wenye hasira”, kana kwamba ni ugonjwa wa hewani, au kana kwamba ni jina la mtu asiyejulikana kwao. Polisi walipouliza, kijiji kizima kilijibu neno moja: “Mimi sikumgusa, nilikuwa nikitazama tu.” Nami nilisema hivyo hivyo. Ilikuwa kweli. Watu 50,000 wa Colosseum nao wangesema hivyo, na wote wangesema kweli.

Lakini mwenye kupiga hupata nguvu kwa sababu ya duara la watu. Likiondolewa duara, atajiona yu peke yake na fimbo yake, mbele ya mtu aliyelala chini. Wachache huweza kuendelea hapo. Sisi tuliosimama ndio tuliokuwa ukuta wa uwanja, na mimi juu ya kreti nilikuwa safu ya juu.

Sasa nitawaambieni habari ya mtu mmoja aliyekataa kukaa kitini. Askofu Theodoreto, mwandishi wa historia ya Kanisa, aeleza kwamba wakati wa Kaisari Honorius alikuwako mmonaki aitwaye Telemachus, aliyefika Roma kutoka nchi za Mashariki. Alikwenda uwanjani, akashuka mpaka kiwanjani, akajaribu kuwazuia wapiganaji wasiuane. Hakuwa na silaha wala cheo. Je, ni nani aliyemwua? Si magladiata. Ni watazamaji. Walikasirika kwa kuharibiwa starehe yao, wakampiga mawe mpaka akafa. Kaisari alipopata habari, akamhesabu kuwa shahidi, akapiga marufuku maonyesho yale. Watu huyaweka mambo hayo karibu na mwaka 404. Mapigano ya magladiata yalikwisha katika karne ile ya tano.

Msinielewe vibaya. Simwambii kila baba wa familia ajitupe katikati ya mawe. Lakini yapo mambo ambayo kila mmoja aweza kuyafanya, nami natamani ningeyafanya siku ile.

La kwanza, usikimbilie kelele ili uone. Ukikimbia, kimbia kumwita mwenye mamlaka: mwenyekiti, mtendaji wa kijiji, mgambo, polisi. Simu uliyo nayo mfukoni yafaa kwa kazi hiyo kuliko kwa picha. Sheria yamruhusu raia kumkamata mwizi, lakini yamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Haimpi ruhusa ya kumhukumu.

La pili, ukikuta watoto hapo, waondoe. Hata kama si wako. Mtoto aliyejifunza kutazama mtu akipigwa atajifunza na mengine.

La tatu, toa sauti yako mapema. Jiwe la kwanza lisiporushwa, la pili haliji. Watu husema, wengi wape, usipowapa watachukua. Methali hiyo yafaa katika kuchagua mahali pa kuchimba kisima. Haifai penye uhai wa mtu. Mara nyingi hao wengi wangoja mmoja tu aseme, “Basi, jamani, mwacheni.” Akisema mmoja, wa pili amwunga mkono, na mzee wa tatu asogea mbele. Mzee wa kanisa, katekista, mama wa WAWATA, mwalimu: ninyi mwasikilizwa. Msingoje.

La nne, tusiseme nyumbani kwamba wezi wamezidi, basi wacha wafe. Najua wezi wamezidi. Najua uchungu wa kuamka asubuhi ukakuta zizi tupu, na kesi ikachukua miaka. Uchungu huo ni wa haki. Lakini wahukumu wa Roma nao waliwatia simba wezi na wauaji wa kweli, si Wakristo tu, na watu wakapiga makofi wakasema imefanyika haki. Baadaye watu walewale hawakuweza tena kutofautisha haki na starehe. Na siku Mkristo alipoletwa, walipiga makofi yaleyale.

Siku ile kule Roma, kabla ya kutoka, tuliuona msalaba uliosimamishwa kando ya kiwanja. Katika karne ya kumi na nane Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Nne aliuweka uwanja ule kwa heshima ya Mateso ya Bwana, na vituo vya Njia ya Msalaba vikawekwa humo. Mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliirudisha desturi ya kuadhimisha Njia ya Msalaba pale Ijumaa Kuu. Wazee wetu walipiga magoti juu ya mawe, wakasali. Mimi nilisimama, kwa kuwa kituo kilichonijia moyoni kilinishtua. Katika Njia ya Msalaba wako Veronika, na Simoni wa Kirene, na akina mama wa Yerusalemu waliolia. Lakini Injili ya Luka yasema pia kwamba watu walisimama wakitazama. Wale hawana kituo chao. Hawana jina. Miaka yote nimesali njia ile nikijihesabu kuwa Simoni, kumbe mahali pangu palikuwa pale, miongoni mwa waliosimama.

Yule bibi alinikuta hapo, akanishika mkono. Labda alidhani nasali. Akaniambia, “Twende, Mwalimu, wenzetu wanahesabiwa.”

Na kwa kuwa mwenye kuwahesabu ni mimi, nikaenda.

Niliporudi nilipita nyumbani kwa mama wa kijana yule. Ilinichukua siku nyingi kupata ujasiri. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwapo, na kwamba nilisimama juu ya kreti. Hakunijibu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, “Alisema nini?” Nikamwambia kwamba aliita jina lake. Akalia, nami nikalia. Kwa miaka yote ile hakuna aliyemwambia, kwa sababu ili kumwambia ilimpasa mtu akiri kwamba alikuwapo.

Basi, wapendwa, jioni ya leo mkimaliza Rozari, watoto wakiuliza habari za Roma, waambieni kwamba kuna uwanja mkubwa wenye milango 80, na simba walitoka Afrika. Lakini wasimulieni pia habari za Telemachus, na mwulizane ninyi kwa ninyi neno la yule bibi: tukirudi kutoka njiani, twawaambia watoto wetu tumeona nini?

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.

Ni mimi, karani wenu.